Neno moja nililolikosea mara tatu: mimi na "humdrum" hapa Lubumbashi

Mwaka 2021 niliketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya ofisi moja kando ya barabara iendayo Kasumbalesa, mimi na wenzangu 13, kila mtu na karatasi yake mbele. Kampuni ilikuwa inatafuta mtunza ghala. Digrii ya uhasibu nilikuwa nayo. Miaka miwili ya kuhesabu rangi na vilainishi kwenye ghala nilikuwa nayo. Kilichobaki ni Kiingereza: aya moja, tuigeuze iwe Kifaransa, kwa dakika 40.

Aya yenyewe ilimhusu mfanyakazi wa ghala ambaye kila Jumapili huenda mtoni kuvua samaki, ili apumzike na "the humdrum of the warehouse". Nilisoma mara mbili. "Drum" nililifahamu vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Kazini nililiona kila asubuhi kwenye karatasi za kupokelea mzigo, na maana yake ilikuwa pipa, yale makubwa ya lita 200 yanayoleta oili. "Hum" nilikumbuka kutoka shuleni kwamba ni mvumo. Nikaunganisha nikapata pipa linalovuma. Nikaandika kwamba yule bwana alikimbia pipa lililokuwa likivuma ghalani.

Pipa linalovuma ni hatari, kila aliyefanya kazi ghalani anajua. Kwa hiyo sentensi zilizofuata nikazipinda zote zielekee kwenye hatari ile. Mto ukawa mahali pa kujiokoa. Ukimya wa mtoni ukawa ukimya wa mtu aliyepatwa na mshtuko. Aya ya mtu aliyechoshwa na siku zinazofanana ikageuka mikononi mwangu kuwa taarifa ya ajali. Nilitoka pale nimeridhika, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko kosa lenyewe.

Wiki moja baadaye jina langu halikuwamo kwenye orodha. Aliyesahihisha alikuwa mtu mwema, akakubali kunionyesha karatasi yangu. Chini ya pipa langu palikuwa na mstari mwekundu. Aliniambia, "Neno moja limekushinda, hilo si kitu. Ubaya ni kwamba kosa lako uliliamini kuliko maandishi."

Kufikia hapo nilikuwa nimetumia dola 35: nakala za vyeti, mihuri, picha, nauli za kwenda na kurudi. Dola 20 kati ya hizo alinipa mama yangu kutoka kwenye mtaji wake wa unga. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaojiandaa kwa mitihani kama ule, maana siku hizi hapa mjini ni nadra kuona tangazo la kazi lisilodai Kiingereza. Zambia iko kilomita zisizofika 100 kutoka hapa, na Kiingereza ndiyo lugha rasmi yao. Tangu Congo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 nimewaona vijana wengi wa mtaani kwetu wakiulizia madarasa ya jioni. Ukikutana na neno usilolijua ndani ya mtihani, lipigie mstari, uliache, usome mpaka mwisho, kisha ulirudie. Likikulazimisha kupinda sentensi za majirani zake, jua uliloliweka silo.

Nikajiandikisha kwenye darasa la jioni Kampemba, dola 15 kwa mwezi, jioni tatu kwa wiki. Mwalimu wetu alikulia Kitwe, ng'ambo ya mpaka, akiongea Kibemba, Kiingereza na Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Siku ya kwanza nilimpelekea lile neno kama mtu anavyompelekea daktari jino bovu.

Hakunipa tafsiri. Alituomba tunyamaze. Umeme ulikuwa umekatika, na nyuma ya ukuta ilikuwa inanguruma jenereta ya jirani, ile tunayoiita grupu. "Mnaisikia?" Tukaitikia kwamba tunaisikia. "Na kabla sijawauliza, mlikuwa mnaisikia?" Hakuna aliyejibu. Akasema, "Hiyo ndiyo 'humdrum'. Si kelele ya kukuumiza. Ni ile ambayo sikio lako limeacha kuihesabu kwa sababu haibadiliki."

Baadaye alitueleza asili yake. "Hum" ni mvumo kweli, kama wa nyuki au wa mtu anayeimba amefumba midomo. Hapo sikuwa nimekosea. Lakini "drum" ya mwishoni si ngoma wala pipa. Wanaochunguza asili ya maneno wanaona yaelekea ilikuja kuifuatisha tu sauti ya "hum", neno likajirudia kwa kubadilisha mwanzo wake. Waingereza wamekuwa nalo tangu karne ya 16. Kwa hiyo mtu akilikata vipande viwili na kuuliza maana ya kila kipande, anatafuta mfupa kwenye maini. Nasi tunao mchezo wa namna hiyo: polepole, ovyoovyo, kizunguzungu. Hakuna anayeuliza "zungu" ya pili imeongeza nini. Kule kurudia kwenyewe ndiko kunakomzungusha mtu. Na hapa Lubumbashi mtu akiulizwa habari za kazi anajibu, "Kila siku njo bilebile," yaani ndiyo vilevile, na hilo "bilebile" linaivuta siku kama alivyokusudia.

Matamshi nayo yalinisumbua. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunaimeza "h", na "u" tunaisoma vibaya. Neno hili "u" zake mbili zinasikika karibu na "a" fupi: ham-dram, na uzito unakaa kwenye "ham". Nilipolisema kwa mara ya kwanza mbele ya dereva mmoja wa Zambia hakuelewa kabisa, akadhani nataja jina la mji.

Kosa la pili lilichukua miezi, na ndilo ninaloliona kwa wenzangu wengi kuliko yote. Nilikitumia Kifaransa kama daraja. Wakongomani tuna bahati kwamba maneno mengi ya Kiingereza yanafanana na ya Kifaransa, kwa sababu Kiingereza kimekopa huko kwa karne nyingi. Lakini kwenye eneo hili la uchovu na mambo ya kila siku, daraja limejaa mashimo. Mwalimu alitupa kazi ya kuandika ukurasa mmoja kuhusu wiki zetu. Wangu ulirudi mwekundu kutoka juu hadi chini, nikaona aibu hata kuukunja mbele ya wenzangu.

Niliandika "my life is monotone". Kwa Kifaransa maisha yakiwa "monotone" ni sawa kabisa. Kwa Kiingereza "monotone" ni ile sauti ya mtu anayesoma bila kupanda wala kushuka. Maisha yanayofanana yanaitwa "monotonous". Yote mawili yanatoka kwenye Kigiriki, noti moja tu, lakini kila moja lina kiti chake.

Niliandika tena "I annoy myself on Sundays", nikiifuata "je m'ennuie". Mwalimu alituambia "ennuyer" na "annoy" ni ndugu wa tumbo moja, wametoka kwenye maneno ya Kilatini yanayohusu chuki, ila wamelelewa nyumba mbili. La Kiingereza likabaki na hasira: kumkera mtu. La Kifaransa likaelekea zaidi kwenye kukosa la kufanya. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba kila Jumapili ninajikera mwenyewe. Nikasahihisha kwa kuandika "I am boring". Huko nikajitumbukiza zaidi, maana nilikuwa nimesema kwamba mimi ndiye ninayewachosha watu. Anayechoshwa ni "bored". Kinachomchosha ni "boring". Nilibandika karatasi yenye maneno hayo mawili ukutani juu ya kitanda, ikakaa pale mwezi mzima, mpaka mdogo wangu wa miaka tisa akayajua kabla yangu.

Shimo la ndani kuliko yote ni "mundane". Mfaransa akisema mtu ni "mondain", anamaanisha mtu wa tafrija za wakubwa, mavazi mazuri na majina yanayotajwa. Mwingereza akisema shughuli ni "mundane", anamaanisha kufagia, kununua chumvi, kusaini karatasi za kupokelea mzigo. Mzizi ni mmoja, neno la Kilatini la dunia. Mmoja akaielewa dunia kama watu wakubwa, mwingine akaielewa kama vumbi tunalolikanyaga. Yaya mmoja darasani, yaani mkubwa wetu kwa umri, mwenye uzoefu wa kazi kunishinda, alikuwa ametafsiri maelekezo ya kazi ya kampuni yake na kuandika kwamba msaidizi wa ofisi atashughulikia tafrija. Hakuna aliyemsahihisha kwa wakati, na waraka ukasambazwa. Aliposimulia sauti yake ilitetemeka. "Trivial" nalo liko hivyohivyo: kwa Kifaransa linaelekea kwenye matusi na utovu wa adabu, kwa Kiingereza ni jambo dogo lisilo na uzito.

Kwa hiyo ushauri ambao ningelipia dola 35 nyingine ili niupate mapema ni huu: kwa maneno ya namna hii nunua, au pakua kwenye simu, kamusi inayoeleza Kiingereza kwa Kiingereza. Kamusi ya lugha mbili inakupa neno moja la Kifaransa, unashukuru, unaondoka nalo, kumbe umepewa ufunguo wa nyumba ya jirani. Ile ya lugha moja inakuchosha kwanza, lakini inakupa mifano, na mifano ndiyo inayokuonyesha neno linatembea na nani. "Humdrum" linatembea na maisha, kazi, ratiba na shughuli: "a humdrum life", "a humdrum job", "humdrum routine". Mara nyingi linatangulia jina. Linaweza pia kusimama lenyewe kama jina, kama lilivyosimama kwenye mtihani wangu, "the humdrum of" jambo fulani. Utalisoma zaidi kwenye magazeti na hadithi kuliko utakavyolisikia kwenye teksi. Mtu akiwa anaongea tu atasema "boring". Na halisemwi juu ya kitu kinachouma.

Hilo la mwisho ningependa lieleweke vizuri, kwa sababu kwetu uchovu na mateso tunayatia kwenye gunia moja: kazi inachokesha, basi. Wanaume wanaobeba mifuko ya mawe ya shaba mgongoni kwenye machimbo ya mkono wanafanya jambo lilelile kutwa nzima, lakini usiiite kazi yao "humdrum". Kwa Kiingereza hiyo ni "drudgery", na Kiswahili kina neno lake zuri, sulubu. Kujaza fomu 40 za forodha ambazo kila moja inauliza yaleyale ni "tedious", kwa sababu inachukua muda na inakuvuta subira. "Humdrum" ni pungufu ya hayo yote. Hakuna anayelia. Siku inapita, nyingine inafanana nayo, wala hukumbuki ipi ilikuwa ipi.

Kwa Kiswahili nilitafuta sana neno la kulilinganisha nalo. "Kukinai" haliingii, kwa sababu anayekinai ameshiba kwanza, hata kitu kitamu mtu hukinai. "Kudorora" linahusu kitu kilichokuwa kizuri kikalegea. Siku moja, kwenye foleni ya malori, dereva wa Tanzania alirudisha sahani ya mboga akisema ni chapwa. Sikuwa nalijua neno hilo. Akanieleza: si mbovu, haijaungua, ila haina chumvi. Nikaliandika papo hapo. Bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, isiyo na chumvi inajaza tumbo, inakupa nguvu, lakini ulimi hauna la kusimulia. Siku chapwa, kazi chapwa. Sijui kama watu wa pwani wangekubali nilitumie hivyo, lakini mimi lilinifungulia maana ya "humdrum" kuliko kurasa tatu za kamusi.

Baada ya miezi minane ya darasa niliitwa kwenye usaili mwingine, mwishoni mwa 2022. Mtihani wa kuandika niliupita. Kisha yakaja mazungumzo ya ana kwa ana, watu watatu upande wa pili wa meza, wa katikati akiwa mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya upole. Akaniuliza nimetoka familia gani. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema, kwa matamshi niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo, kwamba mama yangu ameuza unga kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kwa miaka 19, "a humdrum life", na kwamba mimi natafuta kitu zaidi ya hicho.

Matamshi yalikuwa sahihi, na neno lilikaa mahali pake panapostahili kisarufi. Yule mama akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa Kiswahili ilhali usaili wote ulikuwa wa Kiingereza, "Yeye mwenyewe aliuita hivyo?"

Sikuwa na jibu. Mazungumzo yaliendelea dakika kumi nyingine, wakanishukuru, nikatoka. Barua ya kunikataa ilifika baada ya wiki tatu na haikutaja neno lolote. Siwezi kusema kwamba ndilo lililoninyima kazi. Najua tu kwamba tangu alipouliza, hakuna kati ya wale watatu aliyeandika kitu kingine.

Hili halimo kwenye kamusi nyingi, kwa hiyo niliseme waziwazi. "Humdrum" ni hukumu. Anayelitamka amesimama nje ya hayo maisha, anayatazama, na ameona hayana chumvi. Mtu akilisema juu ya siku zake mwenyewe ni haki yake, anajilalamikia. Ukilisema juu ya siku za mwingine, hasa mtu aliyekulisha kwa hizo siku, umemdharau hata kama hukukusudia. Kwenye usaili, kwenye barua ya kuomba kazi, kwenye maelezo ya kazi ya mwenzako, tumia neno lisilohukumu. Sema "regular", sema "steady", au sema tu anachofanya: anauza unga. Maneno ya namna hii yapime kwanza juu ya kitu unachokipenda. Likikuchoma, umelielewa.

Lile swali sikuweza kulibeba peke yangu. Jioni ileile ya usaili, mama yangu aliporudi na kuanza kukung'uta unga kwenye kitenge chake, nilimuuliza kama kazi ya sokoni haimchoshi, siku zote bilebile. Sikumwambia kwa nini nauliza. Alinitazama kwanza.

"Papa, we unaona mufuko tu," akasema. "Mufuko njo bilebile. Bantu, hapana." Bantu, kwa Kiswahili chetu, ni watu.

Akaanza kunisimulia, nami nikakaa chini. Zambia ikizuia mahindi kuvuka mpaka, bei hupanda kati ya asubuhi na saa sita, naye lazima aamue kama atauza sasa au atafunga mifuko miwili aingoje kesho. Kuna mteja wa mkopo ambaye humjua kwa mwendo: akija taratibu ana hela, akija haraka anataka kukopa tena. Mvua ya Novemba ikianza, unga wa chini unashika unyevu, ndipo hutambua jirani gani atakupa turubai na yupi atajifanya hakuoni. Aliniambia kuhusu msichana aliyekuja kununua kilo moja kila siku kwa mwaka mzima, siku moja akanunua tano, naye mama akajua kabla ya mtaa kwamba kuna msiba. Miaka 19, na alikuwa na cha kusema juu ya kila mwaka. Mimi, niliyekula unga ule, nilikuwa nimeviona vitenge na mizani tu.

Kazi niliipata mwaka uliofuata kwenye kampuni ya usafirishaji, kuandaa karatasi za malori yanayovuka mpaka. Mshahara si mkubwa. Kiingereza nakitumia kila siku, na fomu zile kweli ni "tedious". Hilo nalisema bila woga kwa sababu ni zangu.

Siku niliyopokea mshahara wa kwanza nilimrudishia mama zile dola 20, na hapo ndipo nilipomweleza yote: pipa, ukurasa mwekundu, usaili, na nilichosema juu yake. Nilimwomba msamaha. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia nilitamke neno lenyewe. Nikalitamka. Akalijaribu mara mbili, akiliongezea irabu mwishoni kama tunavyofanya sote.

"Na maana yake njo nini, vizuri?"

Nikamwambia: kitu kisichouma, kisichobadilika, ambacho kinakula siku zako nawe hujui kimekula zipi.

Aliinua macho kuelekea uani, kwenye bomba letu, ambalo kwa miaka sasa halitoi tone mpaka saa nane ya usiku. Mama huamka, huweka ndoo, hukaa kwenye kigoda, na maji huja membamba kama uzi, yakilia kwa sauti moja mpaka ndoo ya sita.

"Basi ile njo ya mai," akasema.

Nikafungua daftari langu la maneno. Mbele ya "humdrum", kwenye nafasi ya mfano, palikuwa pameandikwa "kazi ya sokoni" kwa mwandiko wangu wa mwaka uliopita. Nikaukata ule mstari, nikaandika chini yake: kungojea maji usiku. Saa nane ilipofika nilisikia kigoda kikisogezwa. Nikaamka, nikamwambia akalale, nikakaa mimi.